Maji ya Buluu

"Tazama mwenyewe," Msafi alimwambia mteja aliyekuwa kitini, kisha akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya buluu.

Mteja alitazama kupitia kwenye kioo. Alikuwa karani wa ghala la jirani, mtu wa kunyoa kila wiki, na alizoea kuifurahia shughuli hiyo. Kinyozi huchovya mikono, huchovya vitana, huifuta mashine kwa kitambaa kilowevu kilichochomolewa kwenye pakiti, halafu hukung'uta vidole kama anayefukuza nzi. Hapo ndipo jina lilipotoka. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Msafi, na wapo waliovuka barabara mbili na vinyozi wanne ili wakanyolewe na mtu aliyenawa mbele ya macho yao. Lakini leo karani hakuwa na habari na maji. Alikuwa akiitazama mikono yenyewe.

"Hiyo ni nini, Msafi?"

"Ukavu tu. Ngozi imechoka."

Ngozi ilikuwa imechoka kweli, na mwenyewe pia. Katikati ya vidole ilikuwa imepasuka kama tope lililokauka, na juu ya viganja yalitapakaa malengelenge madogo yaliyowasha usiku kucha. Dawa ya kuua vidudu iliyokuwa kwenye yale maji ilipopenya kwenye mipasuko, maumivu yalimpanda mpaka kwenye fizi. Alimeza mate, akaukunjulia kioo uso, akawasha mashine. Alipolishika sikio la karani ili alikunje mbele, karani alijikunyata. Kidogo tu; mtu mwingine asingegundua. Lakini kinyozi akishashika shingo za watu kwa miaka mingi, hujua kwamba mdomo unaweza kusema "endelea" huku shingo ikisema "niache." Shingo haijui kudanganya.

Juma lililofuata karani aliingia, akasalimu vizuri sana, salamu ndefu kuliko kawaida, kisha akaenda kuketi kwenye kiti cha pili.

Kiti cha pili kilikuwa cha shemeji, mdogo wake mama watoto, mtu mzima mwenye familia na maneno machache. Msafi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Sasa watu walikuwa wakijipanga kwenye benchi kumsubiri shemeji, na kiti cha Msafi kikibaki kitupu kikitazamana na kioo. Hakuna aliyetaja mikono. Walisema tu, "Wewe pumzika, Msafi, mimi nitamsubiri huyu, hatuna haraka," na watu hao hao zamani walikuwa wakilalamika wakikaa dakika kumi.

Msafi aliamini kwamba dawa ya moto ni moto. Akaizidisha dawa ya buluu ndani ya beseni mpaka rangi yake ikawa nzito kama wino. Akabadilisha sabuni ya kunawia, akanunua ile ya maji iliyoandikwa kwamba inaua kila kitu. Nyumbani alijifuta kwa vile vitambaa vilowevu kabla ya kula na kabla ya kulala.

"Hivyo vidudu unavyoviua," mama watoto alimwambia akiwa amempa mgongo kitandani, "havina ndugu wa kuvizika? Maana wewe huchoki."

"Kuna mtu ameniambukiza."

"Nani?"

Jibu alikuwa nalo, na alikuwa ameshalitoa mbele za watu.

Lilitoka Jumamosi moja, benchi likiwa limejaa. Aliingia dereva wa lori la saruji, ambaye watu walimwita Breki kwa sababu katika maneno alikuwa mtu wa kusimama kila baada ya hatua mbili. Breki alikuwa mteja wake tangu kibanda kikiwa na kioo kimoja chenye ufa. Alikuwa akinyoa kichwa chote, mpaka kinang'aa, na Msafi akimaliza humpulizia dawa kisogoni. Wengine aliwapulizia mara moja. Breki alipuliziwa mara mbili, kwa upendeleo, kwa sababu ya uzee wa urafiki wao. Siku hiyo Breki aliketi, akavua kofia, akashusha kola. Kisogo chote kilikuwa chekundu, kina magamba, kimevimba pembezoni.

Msafi alitazama kile kisogo, akatazama mikono yake, akajiambia: huyu ndiye.

"Breki, ndugu yangu," alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "mapunye sinyoi hapa. Nenda kajitibu kwanza. Hapa wanakaa watoto wa watu."

Benchi lilicheka, kicheko cha watu waliosikia jambo lisilowahusu. Aliyekuwa karibu na kiti alisogeza magoti. Breki alibaki akijitazama kwenye kioo, halafu akainuka, akarudisha kofia kichwani na kola shingoni.

"Sawa," alisema.

Akatoka. Ndiyo hayo tu. Na aibu ya Msafi, ambayo mchana ule hakuijua kuwa ni aibu, ilikuwa kwamba alijisikia mwepesi. Ugonjwa ulikuwa umepata mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Ila mikono haikupona. Breki hakurudi, wala mikono haikupona. Siku moja, walipokuwa wakifagia nywele, shemeji alisimama na ufagio mkononi na kusema yale aliyokuwa akiyatafuna kwa muda mrefu.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Ukae pale mezani, upokee wateja, uongee nao. Kichwa cha mtu usikishike kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

Shemeji aliendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Msafi hakuwa na kazi nyingine duniani. Hakujua kulima wala kuuza, hakujua kuongea na wateja bila kushika vichwa vyao. Mkono ukitulia na ulimi wake ulitulia. Kinyozi wa kukaa mezani ni sawa na mpishi wa kunusa. Alirudi nyumbani mapema, akaketi kwenye ngazi ya mlango, mikono ameilaza magotini viganja vikitazama juu, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Mama watoto alimwona kutoka dirishani. Asubuhi yake alipita kibandani, akazoa chupa zote na kuzitia kwenye mfuko: ya buluu, ya kupuliza, ya sabuni, na pakiti ya vitambaa. Kisha akamshika mumewe kiwiko, maana mkono haukushikika, akampeleka kwenye zahanati anakofika daktari wa ngozi.

"Nimekuletea mgonjwa na jikoni kwake," alimwambia daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoteleza puani. Alitazama mikono kwa muda, akaigeuza kwa upole, akauliza inazidi lini na inapungua lini. Msafi alisema kwamba mwezi uliopita alipolala na homa siku kadhaa nyumbani ilipungua, akarudi kazini ikazidi. Alipojisikia akiyasema, aliitazama mikono yake.

Daktari alizipanga chupa mezani, akawa anasoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo hakuna binadamu anayeyasoma. Alibandika vibandiko mgongoni mwa Msafi, kila kimoja na tone lake la kemikali, akamwambia asiloweshe mgongo mpaka arudi. Aliporudi, vibandiko vilipobanduliwa, mgongo ulikuwa mtulivu kote isipokuwa sehemu moja, ambapo palikuwa pamewaka na kuvimba.

"Si ugonjwa wa kuambukiza," daktari alisema. "Ni mzio. Kuna kemikali moja ya kuua vidudu ambayo mwili wako umeichukia, na imo kwenye hivi vitu vyako vyote vinne. Wengi haiwafanyi kitu. Lakini mwili ukishaichukia, hausahau."

"Yaani kila ninavyonawa..."

"Unajiumiza. Acha hivi vyote. Sabuni ya kipande isiyo na dawa wala manukato. Vyuma vyako osha, kisha vichemshe. Mashine utaifuta kwa spiriti, ukiwa umevaa glavu. Na mafuta haya utapaka asubuhi na usiku."

Msafi alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata furaha haikupata pa kukaa. Daktari aliinua chupa ya kupuliza, akaisoma tena.

"Na hii unampulizia nani?"

"Wateja. Kisogoni, nikimaliza kunyoa."

"Ngozi ikiwa imetoka kupitiwa na wembe? Hakuna aliyewahi kulalamika?"

Mama watoto aligeuka kumtazama, kwa sababu mumewe alikuwa ametoa mlio mdogo kama wa mtu aliyejigonga kidole. Ndani ya kichwa cha Msafi palikuwa na kisogo chekundu na kola inayorudishwa juu. Mara mbili, kwa upendeleo.

Njiani alimsimulia mkewe, kwa sauti ya chini. Mama watoto alikuwa mwepesi wa mzaha, lakini safari hii hakucheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Chako kilikuwa chupani. Sasa huyo mtu umemtafuta?"

"Nitamwambia nini?"

"Ulipomfukuza ulijua la kumwambia."

Msafi alimwaga maji ya buluu kwenye mfereji nyuma ya kibanda. Siku iliyofuata alikwenda kwenye uwanja wanakolala malori. Breki alikuwa safarini. Mlinzi wa getini alimuuliza anaacha ujumbe gani.

"Mwambie Msafi alimtafuta. Mwambie yale yake si mapunye."

Mlinzi alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mikono ilianza kutulia polepole, kama mtoto anayelia huku akisinzia. Malengelenge yalikauka, magamba yakatoka, ngozi mpya ikajitokeza, laini na ya rangi isiyolingana na sehemu nyingine za mwili wake. Lakini kiti chake kilibaki kitupu. Wateja walisikia habari ya daktari, wakasema "pole" na "ashukuriwe Mungu," kisha wakampangia foleni shemeji. Ngozi hupona haraka kuliko sifa yake mbaya. Msafi alichemsha vyuma kwenye sufuria, alifua mashuka, alivaa glavu hata alipokuwa hagusi kitu, ili watu wasione. Usafi uliompa jina sasa ulimfanya afiche mikono.

Jumamosi moja asubuhi Breki aliingia.

Nywele zilikuwa zimemwota. Hakuna aliyewahi kumwona Breki na nywele. Zilimfanya aonekane kaka mkubwa wa yule waliyemzoea. Kofia ilikuwa mkononi na kola ilikuwa juu. Benchini palikuwa na mtu mmoja tu.

Msafi alisimama, akakung'uta kiti kisichokuwa na vumbi. "Karibu, Breki. Kaa hapa."

"Wapite wengine."

"Hakuna wengine."

"Watakuja."

Aliketi mwisho wa benchi. Mteja mmoja aliingia, Breki akamwonyesha mbele kwa mkono. Akaja mwingine, naye akampisha. Shemeji alinyoa na kunyoa. Msafi alibaki amesimama nyuma ya kiti chake, glavu zikimtoa jasho, akidhani mwenzake amekuja kulipiza kisasi kwa kumsimamisha bure mbele za watu. Ingekuwa haki yake. Kadiri jua lilivyopanda benchi lilijaa, karani wa ghala akiwa mmoja wao, mpaka wawili wakasimama mlangoni.

Hapo Breki aliinuka. Akapita mbele ya magoti yote, akaketi kwenye kiti cha Msafi, akashusha kola. Kisogo kilikuwa kimetulia, ila doa jeusi lilibaki, kama mahali palipowekwa sufuria ya moto.

"Zivue hizo," alisema, akizitazama glavu kwenye kioo.

"Ngozi bado haijakaa sawa, ndugu yangu."

"Na yangu bado."

Msafi alivua. Mikono ilitoka imelowa, ina mabaka, na benchi zima liliiona. Alinawa kwenye beseni, kwa sabuni ya kipande na maji meupe, akaifuta. Alipochukua mashine, Breki aliinua kidole.

"Siku ile ulisema kwa sauti."

Shemeji alizima mashine yake. Msafi aliangalia kioo, humo ndani akawaona wote: waliocheka, aliyesogeza magoti, na yeye mwenyewe aliyeyaanzisha.

"Huyu hakuwa na mapunye," alisema. "Dawa yangu ndiyo iliyomla. Ikanila na mimi, nikamsingizia. Nilimtoa hapa kama mbwa, naye alikuwa amekuja kunyolewa tu."

Aliweka kiganja juu ya kile kisogo. Shingo ilikaza. Aliisikia ikikaza, kamba zake zote mbili, naye hakuuondoa mkono wala hakuukandamiza. Alingoja shingo iseme yake. Ilichelewa. Kisha taratibu Breki akainamisha kichwa, na Msafi akawasha mashine.

Nywele zilianza kuanguka juu ya shuka, nyingi kuliko alivyotegemea. Kwenye kiti cha pili shemeji alimaliza kumnyoa mteja wake, akakung'uta kitambaa, akageukia benchi.

"Nani anafuata?"

Ilikuwa zamu ya karani. Alitazama kiti kitupu cha shemeji, akaitazama mikono ya Msafi iliyokuwa ikizunguka sikio la Breki bila haraka.

"Apite huyu," karani alisema, akasogeza magoti mwenzake apate kupita. "Mimi nasubiri kidogo."