Radhi ya Mzee Yahaya

Mzee Yahaya alikuwa bado ameushika mkono wangu, pale nje ya duka la nguo mjini Kondoa, siku moja kabla ya Ramadhani. Watu walipita wakiombana radhi, kama ilivyo kawaida ya siku hiyo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Miaka miwili kabla tulikuwa pamoja kule Zuzu, tukijenga ukuta wa kuzuia udongo kando ya reli. Mimi mtaalamu wa maabara, yeye nyapara wa vibarua. Nyuma ya ukuta tulijaza udongo uliochanganywa na vipande vya matairi chakavu, ili mzigo uwe mwepesi na mtikisiko wa treni upungue kabla ya kuufikia ukuta. Wazo lilikuwa langu. Nilivimba kichwa, sifichi.

Kisha boza la maji likaharibika. Mchanganyiko ulitakiwa uwe na unyevu ili ushikamane, nao ulikuwa vumbi tupu. Injinia Kishan alitaka kazi iishe wiki ile, akaniuliza kama tunaweza kuendelea. Nikamwambia hakuna shida.

Mzee Yahaya alingoja injinia aondoke. Akachota mchanganyiko kwenye karai, akalitikisa taratibu kama anayepepeta mtama. Vipande vyeusi vikapanda juu, udongo ukabaki chini.

"Mwanangu, kompakta ikishindilia na kutetemesha, haitakuwa hivi hivi?"

Alisema kwa sauti ya chini, nisije nikaaibika mbele ya vibarua. Nami nikamjibu kwa sauti ya juu, wote wasikie, kwamba maabara si ungo, na hayo yote nilishayapima. Uongo mtupu. Nilipima sampuli zenye unyevu tu, kavu sikuzigusa. Vibarua walicheka. Yeye akamwaga lile karai, akaita watu kazini.

Mwezi haukuisha. Treni zilipita, udongo ukashuka, ukuta ukapata ufa wa kupitisha vidole. Kwenye kikao Kishan aliuliza kosa lilikuwa wapi. Nikasema vibarua hawakufuata vipimo. Mzee Yahaya alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Kesho yake alipanda basi la Kondoa, na tangu hapo hakuna mkandarasi aliyemwita tena. Mimi nilipandishwa cheo.

Habari ya ule ukuta nimewasimulia watu wawili watatu, na kila mara nimeliruka lile karai.

Ndiyo maana nilipomwona pale Kondoa nilitaka kuvuka barabara. Akaniwahi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Asma mwanangu, nilikuharibia kazi yako kule. Tena nikajifanya kukufundisha kwa karai. Nimefikiri sana, nadhani kweli hatukuchanganya sawasawa. Kesho tunafunga. Uniwie radhi."

Nilimchunguza uso nikitafuta kejeli, walau ya mbali. Haikuwepo. Alikuwa ameamini. Miaka miwili alikuwa ameubeba uongo wangu mpaka ukawa kosa lake mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Mkewe alikuwa amesimama pembeni na kikapu, akinitazama kwa heshima, na wenye duka walikuwa wanasikia.

"Nimekuwia radhi, mzee," nikasema.

Akanishukuru, akauachia mkono wangu, akaenda zake na mkewe kununua tende.