Kipengele cha Saba: Rangi

Mjomba wangu ni fundi wa matangi ya maji, na kwa miaka ishirini hakuna tangi lake lililowahi kukataliwa. Lile la hospitali ya wazazi lilikataliwa mara mbili ndani ya wiki moja, na wiki hiyo ndiyo niliyofika kwake kwa likizo. Watu wenye akili timamu waliunganisha mambo hayo mawili bila kuniuliza.

Sina budi kukiri kwamba walikuwa na sababu. Muhula uliopita nilitia buluu ya kufulia kwenye birika la chai la walimu. Mwalimu wa hesabu alifundisha vipindi vitatu akiwa na meno ya buluu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Barua ya shule ilifika kwa mjomba kabla yangu. Alikuwa anatembea nayo kwenye mfuko wa shati, kama kitambulisho.

Tangi lenyewe lilikuwa fahari yake. Mengine yote aliyojenga ni saruji tupu, ndani giza totoro. Hili alilivika vigae vyeupe kutoka juu hadi sakafuni, kina cha mita nne, chini ya paa la bati, na taa mbili za umeme kulimulika. Likajazwa. Mkaguzi wa maji akapanda ngazi, akachungulia, akakuta maji ya buluu.

Mkaguzi huyo mafundi humwita Bwana Muhuri. Fomu yake ina vipengele kumi na viwili. Cha saba ni Rangi, na jibu linalokubalika ni moja tu: hakuna. Mara ya kwanza mjomba alimwaga maji yote, akasugua vigae, akajaza upya. Buluu. Mara ya pili nilisugua na mimi, chini ya ulinzi. Buluu.

Ukaguzi wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Tangi likikataliwa, linavunjwa, na mjomba hapewi tena kazi.

"Kisirani," aliniita asubuhi ya ukaguzi huo, maana ndilo jina langu pale kwake. "Njoo hapa. Nioneshe kucha."

Nikamwonesha. Buluu ya kufulia haitoki upesi kwenye kucha. Hilo alilisoma kwenye barua. Zangu zilikuwa safi. Akazinusa pia.

"Mjomba, sikutia kitu. Maji ndivyo yalivyo."

"Yalivyo vipi?"

"Ya buluu."

Bwana Muhuri alikuwa ameshachota maji ya tangi kwa glasi. Akaiinua kwenye taa. "Haya ni ya buluu?"

"Hayaonekani hivyo, shikamoo."

"Umeshaniamkia. Yana rangi au hayana?"

"Yanayo, ila ni kidogo mno kwa jicho. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake, mzee. Maji hula ile nyekundu, lakini hula kwa adabu, kidogo kidogo. Kwenye glasi hayajaanza hata kuonja. Mwanga ukishuka mita nne, ukagonga kigae cheupe, ukapanda tena mita nne, nyekundu imepungua, macho yanapata buluu. Saruji ya giza hairudishi mwanga, ndiyo maana matangi ya zamani hayakumsumbua mtu."

"Hilo ni anga," alisema Bwana Muhuri. "Kila mtu anajua maji huakisi anga."

Sote tukatazama juu. Kulikuwa na bati, na mjusi mmoja.

"Tuseme si anga," alisema.

Niliomba jikoni sahani nyeupe ya bati, nikaifunga kamba, nikamkabidhi mwenyewe aishushe. Shubiri moja chini ya maji, nyeupe. Mita mbili, ikaanza kusitasita. Ilipogusa sakafu ilikuwa ya buluu hafifu. Akaivuta: nyeupe. Akaifuta kwa leso yake: leso safi. Alirudia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alitumia mkono wa kushoto, ili kuondoa upendeleo.

"Mimi nimeona," alisema mwishowe. "Ila fomu haina macho. Nitaandika buluu ya asili kama fundi atatia sahihi kwamba hakuna aliyetia kitu humu. Ikigundulika vinginevyo, leseni yake inakwenda. Au aseme ni utundu wa mtoto, nimpe wiki moja zaidi."

Njia ya mkato ilikuwa pale pale, imesimama kwenye kandambili zangu. Mjomba alitoa barua ya shule, akaisoma yote, midomo ikicheza. Nilijutia lile birika kwa mara ya kwanza.

"Umetia kitu?"

"Sikutia."

"Niangalie usoni."

Nikamwangalia. Haikuwa kazi rahisi. Uso wangu una hatia hata nikiwa nimelala.

"Nipe kalamu," mjomba alimwambia mkaguzi. "Huyu akifanya ubaya hucheka. Leo hajacheka tangu alfajiri."

Akatia sahihi. Bwana Muhuri akaandika *Rangi: buluu, ya asili, haina madhara*, akagonga muhuri mara mbili.

Jumatatu maji yakafunguliwa wodini. Kabla ya saa nne simu ya mjomba ikalia. Alikuwa mkuu wa wauguzi, na sauti yake tuliisikia chumba kizima.

"Fundi, cheti ukutani kinasema maji ni ya buluu. Nimefungua mabomba yote, nimejaza glasi sita. Hayana rangi kabisa! Hiyo buluu yetu mmeipeleka wapi?"

Mjomba alinigeukia.

"Zungumza na mpwa wangu," alisema. "Huyo ndiye mtaalamu wetu."

Akanipa simu.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Kwanza kaa kitako."