Kona ya Nyuma Kushoto

Jumamosi asubuhi, baada ya chai na viazi, Zebedayo aliingiza jeki chini ya Korola yake, akapanga matofali pembeni, akabadilisha springi ya nyuma kushoto kwa mara ya tatu mwezi ule. Shokapu ilikuwa mpya, bushi, zile raba za kuzuia chuma kugonga chuma, nazo mpya. Aliposhusha jeki, kona tatu za gari zilisimama sawasawa na ya nne ikalala, kama kawaida yake.

Jirani yake Edson, aliyewahi kuwa fundi wa malori Tunduma, alifungua mlango wa nyuma, akapapasa siti.

"Spea zako hazina kosa, Baba Gloria. Ni Mama Gloria. Bado amekaa, yeye na mtoto wake tumboni."

"Nilihisi," alisema Zebedayo, akafuta spana.

Imelda, mkewe, alifia kwenye siti ile mwezi wa pili, uchungu umemshika, wakiwa nusu ya njia kwenda hospitali. Bushi zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Zebedayo alichonga za mpira wa tairi kuukuu, kama wanavyofanya wote kule nje ya Chitete, akasema za dukani atanunua wakishavuna ufuta. Usiku wa kuamkia msiba kila shimo liligonga chuma kwa chuma, naye akapunguza mwendo kulihurumia gari. Hilo ndilo linalomla mpaka leo. Alilihurumia gari.

Wakubwa wa wilaya walikuja kuzika. Greda lilipita siku moja kabla yao, likalainisha njia mpaka kwenye turubai la msiba, likarudi lilikotoka. Mvua mbili tu, mashimo yakawa pale pale.

Edson alishauri wapachike kipande cha mpira kwenye springi ili kona inyanyuke. Zebedayo alikataa. Hakutaka kumsumbua Imelda.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, mvua zimekolea, uchungu ulimshika Fides, mdogo wake Imelda. Alifungua mlango wa nyuma kushoto, kwa kuwa wa kulia haufunguki.

"Dada, nisogezee kidogo," alisema, akaingia.

Kona ya kulia ikashuka. Imelda alikuwa amesogea.

"Spea ni mpya, shemeji?"

"Mpya zote."

"Basi kimbiza."

Zebedayo alikimbiza mpaka mwisho wa kijiji. Mbele, maji yalikuwa yameichimba barabara kama mwaka jana, pale pale. Akaingiza gia namba moja. Chini hapakugonga kitu. Wakaanza kutambaa, wote watano.