Wenzo wa Kushoto

Sanduku lilifika Jumanne, wiki sita baada ya mazishi. Mleta mizigo alitaka sahihi ya aliyeagiza. Fundi akamwambia aliyeagiza amefariki. Mleta mizigo, aliyekuwa na masanduku mengine kumi na manne ya kufikisha kabla jua halijazama, akasema pole, basi sahihi ya yeyote itatosha. Fundi akasaini. Kusaini alikujua.

Ndani mlikuwa na usukani wa ndege, mdogo kidogo tu kuliko wa kweli, na kisanduku chenye nyenzo mbili za injini, wenzo wa kushoto na wenzo wa kulia, za plastiki nyeusi. Ni vitu vya kufunga mezani na kuunganisha kwenye kompyuta, mtu arushe ndege ya kwenye kioo bila kutoka sebuleni. Juu yake palikuwa na kadi: “Baba, umezitengeneza miaka thelathini na moja. Sasa rusha moja. Nitakufundisha mwenyewe.” Aliyeiandika ni marehemu, mtoto wa pekee wa Fundi na mkewe, binti aliyekuwa rubani.

Mama Rubani aliisoma kadi mara moja, akaiweka kwenye kabati la vyombo, kisha akaondoa kitambaa cha meza.

“Vifunge, Baba Rubani. Vitu vya mtoto havikai kwenye boksi.”

Fundi alivifunga kama mtu wa kazi. Usukani aliukalisha ukingoni mwa meza ya kulia chakula, akaubana kwa skrubu mbili kutoka chini, na kati ya skrubu na mbao akaweka vipande vya ndala kuukuu ili meza isichubuke. Nyenzo akazifunga upande wa kulia, pale mkono unapoangukia wenyewe. Akachomeka nyaya kwenye kompyuta ya marehemu. Kioo kikamtaka asukume kila wenzo mpaka mwisho na kuurudisha, ili mashine ijue unapoanzia na unapoishia. Wa kulia ukaenda, ukarudi. Wa kushoto ukafika theluthi ya safari, ukagoma.

Hakuulazimisha. Aliufungua, akakuta plastiki safi, springi mpya, wala hakuna cha kukwamisha. Akaufunga tena. Ukagoma palepale. Fundi akavuta kiti akaketi, maana mahali pale alipajua.

Katika karakana ya kampuni, ndege zilitakiwa ziwe nje saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mkuu wa karakana, ambaye mafundi walimwita Bwana Kumi na Mbili akishageuza mgongo, alikuwa na utaratibu wake. Kadi za kazi zilisainiwa saa kumi alasiri, kwa kazi ambayo ingefanywa usiku. Spea ikija, kazi inafanyika. Isipokuja, kadi imeshasema imefanyika, na ndege inaruka. Huko kuliitwa kusaini mbele. Waliokataa walipelekwa kuosha magurudumu. Mmoja aliandika barua, akaambiwa akapumzike nyumbani, na mpaka leo anapumzika. Wakubwa wamemsahau. Mafundi hawajamsahau, ila wanasaini.

Fundi alisaini mbele kadi ya waya unaounganisha wenzo na injini ya kushoto. Waya ulikuwa umeanza kuchanika nyuzi, na wenzo wake ulikuwa ukikwama kwenye theluthi. Spea haikuja. Alikuwa amesaini kabla ratiba ya marubani haijabandikwa. Asubuhi ile aliyepangiwa ndege ile alikuwa binti yake, na abiria sita. Alipokaribia kutua, trekta lilikuwa limesimama katikati ya uwanja. Alitakiwa apae tena. Injini ya kulia ikanguruma, ya kushoto ikabaki inakoroma, na ndege ikalalia kushoto mpaka chini. Ripoti ya tume ilikuwa na kurasa arobaini, na zote zilisema jambo moja: kosa la rubani, alisahau kusukuma wenzo wa kushoto. Tangu hapo, ndugu za wale abiria sita wakipita mbele ya nyumba ya Fundi walikuwa wakitazama upande wa pili wa barabara.

Siku ya pili, saa kumi alasiri, Fundi aliushika usukani akauvuta kidogo. Nyumba ikanyanyuka kama mita mbili, taratibu, mabomba ya maji yakiinyookea kwa chini. Alipoulegeza, ikashuka. Mama Rubani alichungulia kutoka jikoni, akauliza kama ana nia ya kuinyanyua tena leo, maana alitaka kubandika sufuria. Jirani, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuja uani kueleza kwa upole kwamba kamba yake ya nguo imefungwa kwenye ukuta wao. Hakuwa na ubaya, alisema, ila mashuka yake yamekwenda juu yakarudi na vumbi. Kama wangempa saa maalumu angekuwa anaanua mapema. Wakakubaliana iwe saa kumi.

Siku ya tatu binti alikuja. Alikuwa amevaa sare, viatu kavishika mkononi, kwa kuwa mama yake hakupenda sakafu ichafuliwe.

“Shikamoo, Mama. Shikamoo, Baba.”

Wakaitikia marahaba. Mama Rubani alimtazama kifuani, akaona kifungo cha pili cha shati hakipo, akaenda kuchukua sindano na uzi. Binti akaketi mbele ya usukani, magoti yakagonga meza.

“Baba, ulikuwa unamfungia nani hapa, mtoto wa chekechea?”

Fundi akalegeza skrubu, akaupandisha. Kisha binti akasoma orodha yake kwa sauti, kama marubani wafanyavyo kabla ya kuruka, na baba yake akawa anajibu. Milango? Imefungwa. Mafuta? Yapo. Waya wa kushoto?

“Tayari,” akasema Fundi. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

Binti akaweka alama ya vema, akasukuma nyenzo, na nyumba ikapaa. Ilipita juu ya mapaa na matangi ya maji, ikazunguka mnara wa simu, ikarudi. Mama Rubani alisimama ubavuni mwa binti yake akishona, mwili wake ukifuata mwinamo wa nyumba. Walipokaribia kiwanja chao, trekta lilikuwa limesimama pale pale nyumba inapokaa. Binti akasukuma nyenzo zote mbili. Wa kushoto ukafika theluthi, ukagoma. Alikuwa akiusukuma kwa kiganja, kisha kwa mikono miwili, na wazazi wake wote wawili walimwona akiusukuma. Nyumba ikalalia kushoto, kabati likafunguka, sahani zikamwagika, wakagonga ardhi. Kiti kilikuwa kitupu. Mama Rubani alibaki na uzi mkononi, na mwisho wa uzi kifungo.

Ikawa hivyo kila siku. Alikuja, alitania, aliuliza, alijibiwa tayari, aliruka, alianguka. Kila siku kifungo kilikuwa kimetoka upya, na kila siku mama yake hakuwahi kukimaliza. Nyumba ikawa inatua kushoto zaidi, kwa upana wa kiganja. Mwalimu aliupima mwendo huo kwa rula, akawaarifu kwamba kufikia mwakani watakuwa upande wake wa ua, ila haina haraka.

Fundi aliiandikia tume. Wiki ya pili mkaguzi akaja na mkoba wake, mtu wa adabu, akavua viatu mlangoni. Mama Rubani alikuwa ameshona mikanda kwenye viti kutoka kwenye magunia, akamfunga mmoja. Wakaruka. Mkaguzi aliandika kimo na mwendo. Trekta lilipotokea, alinyoosha mkono juu ya mkono wa binti, akausukuma wenzo wa kushoto yeye mwenyewe, ukamshinda. Akaliandika na hilo. Baada ya kugonga chini alifungua mkanda, akapangusa vumbi, akaomba kuona nyaraka.

Fundi alisema hana nyaraka, ana maneno. Akayasema hapo, mkewe akisikia kwa mara ya kwanza: kwamba waya haukubadilishwa, kwamba alisaini mbele.

Mkaguzi akatoa nakala ya kadi kwenye mkoba.

“Mzee, hii sahihi ni yako?”

“Ni yangu.”

“Hukughushiwa?”

“Sikughushiwa. Nakwambia kazi haikufanyika.”

“Lakini kadi iko sawasawa. Kadi ikiwa sawasawa, waya ulibadilishwa. Na waya ukiwa umebadilishwa, wenzo haukwami.” Alisema kwa huruma ya kweli. “Nimeona mwenyewe, mzee wangu. Ila nilichokiona hakina pa kuingia.”

Akaaga, akavaa viatu. Mama Rubani alimalizia kuokota vipande vya sahani. Ilichukua muda mrefu. Alipozungumza hakumwita Baba Rubani, wala hakumwita kitu chochote.

“Kesho akikuuliza,” alisema, “mjibu.”

Kesho yake alikuja, viatu mkononi. Aliketi, akasogeza kiti. Milango? Imefungwa. Mafuta? Yapo. Waya wa kushoto?

“Haukubadilishwa, Kapteni,” alisema Fundi. Ndivyo alivyomwita tangu akiwa na miaka minne. “Nilisaini mbele.”

Binti aliitazama orodha. Palikuwa na nafasi ya alama ya vema, basi, hapakuwa na pa kuandika jambo lingine.

“Ungeniambia asubuhi ile, Baba, nisingeruka.”

“Najua.”

“Ungenipigia simu tu.”

“Najua, mwanangu.”

Akaweka alama ya vema, kwa kuwa ndiyo nafasi iliyokuwepo, akasukuma nyenzo. Mwalimu alikuwa ameshaanua. Walipopita juu ya karakana, Fundi aliinamia dirisha akaona mafundi wamepanga foleni mbele ya meza ya Bwana Kumi na Mbili, wakipokezana kalamu. Aligonga kioo. Mmoja aliinua uso, akaitambua nyumba, akapunga mkono, na zamu yake ilipofika akasaini.

Nyumba ikageuka kurudi. Trekta lilikuwa mahali pake. Mama Rubani alikuwa ameanza kushona mapema siku hiyo, tena kwa uzi mfupi, na wenzo ulipofika theluthi alikuwa ameshapiga fundo. Alikata uzi kwa meno, uso wake ukiwa kifuani mwa mwanawe, akabaki hapohapo mpaka wakagonga ardhi.

Kesho yake, saa kumi kasoro robo, binti alikuja. Kifungo hakikuwepo tena.