Tangazo Lililosubiri Moto

Pu Dengluna, yaani Mzee Dengluna, alikata roho Jumamosi alfajiri, siku ambayo kijiji kizima cha Tlangsang kilikuwa kimepanga kuchoma mashamba, na binti yake Rodingi akabaki amesimama kando ya kitanda na kikombe cha maji ambayo mgonjwa hakuwahi kuyanywa. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa mvua, wala si kilio. Jambo hilo lilimuudhi sana. Mtu amefiwa na baba yake wa pekee, anachungulia dirishani kutazama mawingu.

Lakini mawingu yalikuwepo. Yalikuwa yamejikusanya magharibi, meusi, yakisogea polepole kama wageni wasiotaka kuonekana kwamba wana njaa. Miti na mianzi waliyoikata tangu baada ya Krismasi ilikuwa imelala kwenye miteremko imekauka kau, na kilichotakiwa sasa kilikuwa mchana mmoja wa moto. Ikinyesha kabla, magogo yanaloa, moto unakataa, na mpunga unakosa pa kupandwa. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Tlangsang hakuna anayethubutu kuwasha kiberiti shambani siku ya Bwana. Jumatatu hakuna aliyeitegemea.

Na kipaza sauti kilikuwa pale mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mama yake enzi za uhai wake. Baba yake ndiye aliyekuwa mtangazaji wa kijiji hadi kifua kilipomzidi, kisha kazi ikaangukia kwa Rodingi bila mtu kumuuliza kama anaitaka. Spika ilikuwa juu ya mlingoti nyuma ya kanisa na ilisikika mpaka mashamba ya mbali. Akibonyeza kile kitufe na kusema fulani ametutoka, basi. Jembe linawekwa chini. Vijana wanakwenda kuchimba kaburi, wanawake wanabeba masufuria, wengine wanakuja kukaa sakafuni na kuimba, na siku hiyo hakuna anayekwenda shamba, awe na haraka gani. Hawalazimishwi. Wanaona aibu tu kukosekana, na aibu ya Tlangsang ni kali kuliko polisi.

Aliyeifanya aibu hiyo iwe kali hivyo ndiye aliyekuwa amelala pale kitandani. Pu Dengluna alikuwa mzee wa kanisa, lakini wazee wa kanisa ni wengi. Yeye alikuwa mtu wa kubeba wagonjwa mgongoni kwenye kiti cha henzirani hadi barabara ya gari, huku akiwasimulia visa vya kuchekesha ili wasahau maumivu. Makaburi alichimba hadi mikono ikamkatalia, kisha akawa anawapelekea wachimbaji chai, na aliposhindwa kubeba birika akawa anakaa kando ya shimo na kuwasumbua kwa maelekezo. Kwaya hakukosa hata mara moja, ingawa sauti yake ilikuwa janga, na wenzake walijifunza kuimba kwa nguvu zaidi ili kumfunika. Nyumba ikipata msiba, yeye hulala huko siku zote za maombolezo, wafiwa wasibaki wenyewe.

Nyumbani je? Rodingi hakuwa na unafiki katika hili. Nyumbani baba yake alikuwa anarudi kula na kukoroma. Blanketi zuri alimpa mjane wa juu mlimani. Kuku waliotaga waliishia kwa wagonjwa. Rodingi alikuwa na birika la pili alilolificha uvunguni, maana la kwanza lilishakwenda kanisani na halikurudi. Alimpenda baba yake kwa hasira, namna ambayo mtu hupenda kitu anacholazimishwa kugawana na kijiji kizima.

Akakikaribia kipaza sauti. Akaugusa waya. Akauacha.

Aliwaza kumwambia Pu Khuma peke yake. Pu Khuma ndiye kiongozi wa chama cha kujitolea na rafiki wa baba yake tangu wote wawili hawajaota ndevu. Lakini Pu Khuma hakujua kuficha kitu usoni, na hata angejua, asingeweza kumwacha Dengluna na kwenda kuchoma mianzi. Angewazuia wote. Angesema mpunga utajua wenyewe.

Bado anawaza, sauti ikaita kutoka njiani. Watu walikuwa wanapita na mapanga na mienge ya mianzi, na Pu Khuma alikuwa mbele yao, kiko mdomoni.

"Rodingi, mgonjwa wetu kaamkaje?"

Akatoka hadi mlangoni na kuuvuta mlango nyuma yake. Hapo ndipo mambo yalipoamuliwa, na yeye mwenyewe hakujua kama ameamua.

"Amelala, Pu Khuma. Leo amelala vizuri."

"Mwache alale. Mwambie na shamba lake nitalichoma mimi, asije akanisimanga hadi Pasaka. Na umwambie kesho nakuja, nina maneno yake."

"Nitamwambia."

Wakapita wote, wakicheka na kusukumana. Alipowasikia wamefika bondeni, akakaa kizingitini. Sasa alikuwa ameshasema uongo. Hata akitangaza dakika ile, watajua kwamba aliwaangalia usoni akawadanganya.

Akapasha maji moto, akamwosha baba yake peke yake, akamvalisha shati jeupe la ibada. Kisha hakujua afanye nini na mikono yake. Akafagia. Akafagia tena pale pale. Akabandika mchele, akauepua kabla haujachemka kwa kuwa aliona aibu kula. Akatoka kutazama mawingu, akaingia kumtazama baba, akatoka tena. Mtu angemwona angedhani ametafuta kitu siku nzima na hakumbuki ni nini.

Mlango ukabishwa. Kabla hajaitika, Pi Kaithuami, yaani Bibi Kaithuami, akawa ndani. Jirani huyu alikuwa mzee kupita kiasi, macho yakimsaidia kwa kubahatisha, na hakuwa na desturi ya kusubiri kukaribishwa. Alileta bakuli la mboga za maboga zilizochemshwa na nyama ya nguruwe ya moshi.

"Nimemletea yule mvivu. Yuko wapi?"

"Amelala, Pi."

"Mchana huu? Watu wanachoma mashamba, yeye kalala?" Akageukia pazia la chumba na kupaza sauti. "We Dengluna! Mwaka uliponibeba kwenda hospitali ulisema mimi ni mzito kama gunia la tangawizi. Leo nani gunia? Amka."

Rodingi akashika meza.

"Hata hakohoi," alisema Pi Kaithuami, akiwa ameinamisha kichwa. "Dawa imemkubali."

"Imemkubali, Pi. Kunywa chai."

Akamwekea chai na kipande cha sukari guru. Bibi akaitafuna taratibu, akieleza jinsi Dengluna alivyomwezekea paa baada ya mume wake kufariki, akamwezekea vibaya, likavuja kwenye kitanda, na yeye akanyamaza mvua nzima kwa kuwa unamwambiaje mtu aliyefanya bure. Alicheka hadi akapaliwa. Rodingi naye akacheka, na kucheka huko ndiko kulikomuumiza kuliko kitu chochote siku ile. Aliposimama kuondoka, bibi akapiga pazia kwa fimbo yake. "Nakwenda, mvivu. Ukiamka ule."

Jua lilipofika utosini, wingu likalifunika. Rodingi alikuwa uani. Upepo ukakatika. Mlima wa ng'ambo, kwenye mashamba, ulikuwa kimya, hakuna hata uzi wa moshi. Alijua taratibu: wanasubiri upepo. Usipokuja wanarudi nyumbani. Basi atakuwa amemficha baba yake bure, amemdanganya Khuma bure, amemchekesha kikongwe mbele ya maiti bure. Akaomba, na haikuwa sala nzuri. Alimwambia Mungu: mtu huyu amekufanyia kazi maisha yake yote bila kukuomba likizo, nipe moto.

Upepo ukarudi, na moshi ukatokea upande wa chini wa mteremko, mwembamba, ukasitasita. Halafu mianzi ikaanza kupasuka. Kwanza mmoja mmoja, kisha kwa pamoja, ngurumo juu ya ngurumo, na mlima mzima ukasimama na moto. Watu walishangilia kutoka kwenye ukingo, na makelele yao yalimfikia kwa upepo. Majivu yakaanza kuanguka uani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele zake. Alifurahi. Mara akakumbuka ni nani ambaye angemweleza kwanza, akaingia ndani, akamweleza hivyo hivyo.

"Umewaka, Baba. Umewaka wote."

Saa kumi na moja jioni watu walianza kuonekana wakirudi. Rodingi akakaa mbele ya kipaza sauti. Wazo likamjia, jepesi na la kupendeza: aseme amefariki sasa hivi. Nani atajua? Kijiji kitapata mpunga, baba atapata mazishi, na yeye atabaki na jina lake. Alilitafakari hadi kidole kikawa juu ya kitufe. Lakini baba yake alikuwa amesoma pale habari za kijiji miaka na miaka, na alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya: akikosea jina la mwenye nguruwe aliyepotea, hurudi hewani kuomba radhi. Rodingi akabonyeza.

"Ndugu zangu wa Tlangsang. Baba yetu Pu Dengluna ametutoka. Amefariki leo alfajiri." Akakisogeza kipaza sauti karibu. "Leo alfajiri, kabla hamjakwenda shamba. Ni mimi niliyenyamaza. Karibuni nyumbani."

Mbwa waliacha kubweka. Kisha akasikia miguu.

Walikuja walivyo, na masizi usoni, na mapanga yao bado viunoni. Hakuna aliyemkemea. Waliingia wakakaa sakafuni, wakamwangalia, wakaangalia chini. Pi Kaithuami aliingizwa kwa kushikwa mkono. Akasimama mbele ya Rodingi.

"Ulinipa chai, mwanangu," alisema. "Nikamtania. Nimekaa pale nikamtania maiti."

"Nisamehe, Pi."

"Nilimwita mvivu." Akageuka akaketi mbali naye.

Pu Khuma hakuingia. Alisimama uani, mweusi kwa masizi kuanzia nywele hadi magoti, na Rodingi akamfuata.

"Kama ningesema, mngekwenda shamba?" aliuliza.

"Tusingekwenda."

"Na mvua je?"

"Ingenyesha."

"Basi?"

"Basi nini?" Mzee akamgeukia. "Kuna mtu kijijini hapa amekufa akalala mchana kutwa na mtu mmoja tu? Hayupo. Hata yule mlevi wa darajani, Dengluna alimkalia matanga. Ametukalia sote kwenye misiba yetu. Ikafika zamu yake, akakosa. Yeye peke yake. Umetupa mpunga, binti, sawa, tutakula. Lakini umetufanya watu gani?"

Siku nzima Rodingi alijitetea moyoni kwamba amefanya ambalo baba yake angelifanya, na alikuwa bado anaamini hivyo. Na mzee huyu naye alikuwa anasema kweli. Alitamani mmoja wao awe amekosea, apate pa kuegemea.

Tone la kwanza likapiga bati. Likafuata jingine, kisha mvua ikamwagika yote kwa mkupuo, na wao wawili wakabaki uani wanalowa, masizi yakimchuruzika Pu Khuma shingoni.

"Tuliahidiana," alisema Pu Khuma, sasa kwa sauti ya chini. "Atakayetangulia, mwenzake atamwosha. Tulicheka siku hiyo. Alisema yeye ataniosha kwa maji baridi, nikome."

"Nimeshamwosha, Pu Khuma."

"Najua. Nimeona shati, mlango ulikuwa wazi."

Akaitazama mikono yake. Akaenda chini ya mchirizi wa bati, akaisugua kwa mchanga na maji ya mvua, akaisugua hadi kwenye viwiko, hakuharakisha. Kisha akaingia ndani. Watu wakampisha. Akapiga magoti kando ya kitanda, akachukua kitambaa kilichokuwa kwenye beseni, na kumtazama rafiki yake uso mzima, upande huu na upande ule, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Hakukuwa na mahali palipobaki pachafu. Rodingi, aliyejua kila sehemu aliyopitisha kitambaa, alijua hakukuwa na kitu.

Mzee akageuza kichwa cha Dengluna kidogo, taratibu.

"Nyuma ya masikio hukumwosha," alisema.

Rodingi alikuwa amepasugua mara mbili. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri.

"Nilipasahau, Pu Khuma," alisema Rodingi. "Nisaidie."

Akamshikia beseni.