Mtani Aliyeombwa Heshima

Habari hii alinipa Sesilia mwenyewe, mkewe Polikarpo, Kwaresima iliyopita, tukichambua choroko kibarazani kwake kule Ukonga. Naisimulia kama nilivyoipokea, chumvi sikutia.

Polikarpo ni Mnyamwezi wa Tabora, seremala wa miaka mingi. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, ni Mfaume, Mzaramo, karani mstaafu, mdogo kwake kiumri. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, hata msibani hawaachiani. Tangu wajuane, Mfaume hakuwahi kumwamkia mwenzake shikamoo. Alikuwa akipaza sauti tu juu ya ukuta, "We mpagazi, umeamka au nikuletee mzigo?"

Naye Polikarpo hujibu, "Nililala saa ngapi hata niamke, na ngoma zenu hizo?"

Mfaume alipostaafu akaanza kujifunza useremala kwenye simu. Akanunua kifaa kidogo chenye matundu yaliyolala mshazari. Unakibana kwenye ubao, unapitisha drili humo, ubao unatobolewa kimshazari. Kisha skrubu inapita kwenye tundu hilo mpaka ubao wa pili, inazikaza mbao zote mbili pamoja. Hakuna kuchonga ulimi wa kuingiza kwenye ubao wa pili, hakuna patasi. Polikarpo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzaramo anashona mbao kama magunia," akasema, na mtaa mzima ukalichukua neno hilo.

Ndipo kiharusi kikampata Polikarpo. Mkono wa kushoto ukawa kama wa kuazima. Na patasi, jamani, inataka mkono wa kushika na mkono wa kugonga. Akawa anashinda amekaa mbele ya benchi lake, hagusi kitu. "Seremala asiyechonga ni nani?" akamuuliza mkewe. 

Asubuhi moja Mfaume akaingia uani na kifaa chake kwapani. Alikuja kwa wema, ila wema wa mtani huja umevaa matusi.

"Mpagazi," akasema, "babu zako walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka huku pwani, wewe randa tu imekushinda? Njoo kwa bwana wako nikufundishe. Jiliwa linashika ubao, mkono mmoja unakutosha."

Siku nyingine Polikarpo angemrudishia mara mbili. Siku ile alikuwa ametoka kushindwa kufunga vifungo vya shati lake. Neno likamchoma.

"Mfaume, niheshimu," akasema. "Mie mkubwa wako."

 Mfaume akaweka kifaa juu ya benchi, akaondoka taratibu.

Kesho yake sauti ikaja juu ya ukuta, ndogo. "Shikamoo, kaka Polikarpo."

Sesilia anasema mumewe alibaki na kikombe cha chai mkononi, hakijafika mdomoni wala hakijarudi chini. Akaitikia marahaba.

Basi Mfaume akaja kumfundisha, kweli akaja, siku baada ya siku, bila kuchoka. Akamwonyesha kubana ubao kwa jiliwa, kupima unene wake, kuchagua skrubu. Wakaanza na kigoda. Tundu la kwanza Polikarpo alilipeleka ndani mno, ncha ya skrubu ikatokeza upande wa pili kama jino. Akamtazama mwenzake, akisubiri. Kosa kama lile lilikuwa halali ya mtani, lingeliwa wiki nzima.

"Si neno, kaka," Mfaume akasema. "Hutokea."

Polikarpo akajaribu kuuanza utani mwenyewe. "Mzaramo we, skrubu zako umeziroga?"

"Labda ni ndefu kidogo, kaka. Nitakuletea fupi."

Kigoda kikaisha. Sesilia akakikalia, akakitikisa, hakikulia. Mume wake ni seremala tena, kwa mkono mmoja. Mfaume akampa pongezi, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

"Si umwombe radhi yaishe?" Sesilia akauliza.

"Mtani haombwi radhi," Polikarpo akajibu. "Nikimwomba, ndiyo nimekiri kwamba alinitukana. Hapo utani umekufa kabisa."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui, mama Anna. Nilitaka heshima. Si ndiyo hii?"

Baada ya chakula cha mchana akajilaza mkekani, upande wa ukuta. Sesilia akatandaza khanga yake kando, usingizi ukamchukua mapema. Upande wa pili wa ukuta muuza mkaa, Msukuma, naye mtani wa Mzaramo, alikuwa amepita, na Mfaume alikuwa anamchamba: mkaa wake umelowa, ng'ombe wake wamekonda, mahari atalipa na nini. Msukuma naye anarudisha, wanacheka wote wawili mpaka wanakohoa.

Polikarpo, kama alivyomsimulia mkewe baadaye, akasikiliza. Kila walipocheka alijiandalia jibu moyoni, zuri kweli, la kumkata Mzaramo maini. Akalirudia kimyakimya, akalinyoosha. Muuza mkaa akaondoka na toroli lake, kukawa kimya. Akangoja sauti ije juu ya ukuta kumtania na yeye, haikuja. Macho yakawa mazito, akayafumba kidogo, na jibu lake likiwa bado mdomoni akalala.