Habari za Bomba

Mama yangu ukimuuliza habari huku nyumba inaungua, atakujibu, "Nzuri," kisha ndipo aseme, "ila kuna moto kidogo." Ndivyo alivyolelewa: jema kwanza, mengine baadaye. Nalijua hilo tangu utotoni, na bado liliniponza.

Mimi ni karani wa takwimu manispaa. Naweka kwenye tovuti hali ya kila bomba la maji la mtaa: kijani, linatoa maji; nyekundu, bovu. Mtu yeyote anaweza kuona, na mafundi hufuata mabomba mekundu tu. Mwezi uliopita niliwapigia simu wasimamizi wa mabomba hamsini na tatu. Wa mwisho alikuwa mama, maana bomba la mtaa wao liko mlangoni kwake na ufunguo anao yeye. Mate yalishanikauka kwa kuongea.

"Mama, habari za bomba?"

"Nzuri, mwanangu."

"Haya, tutaongea." Nikakata. Kijani.

Juzi mwalimu, jirani yake, akaandika kwenye tovuti yetu, mbele ya kadamnasi: "Karani, hilo bomba lako la kijani lina wiki tano halijatoa hata tone. Muulize mama yako." Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilishika njia kwenda nyumbani.

Nilimkuta mama anatoka mtaa wa pili na ndoo ya maji, anapumzika kila hatua kumi. Roho iliniuma.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa ndiyo nataka kusema, ukakata. Nikaona mtoto ana kazi zake, nisimsumbue."

Nilitoa simu palepale barabarani, nikaligeuza bomba kuwa jekundu. Mama akachungulia, akasonya.

"Ndiyo umetuanika hivyo? Ulimwengu mzima ujue kwetu kumeoza?"

"Wakijua ndiyo watakuja kutengeneza, mama. Keshokutwa mafundi wapo hapa."

Akakaa kwenye ukuta mfupi wa mwalimu, akawa anausugua mguu.

"Sasa kwenye hiyo tovuti yako," akasema bila kunitazama, "goti la mtu linaandikwa wapi?"

Nilimpenda mama yangu saa ile mpaka nikajionea haya. Nikaizima simu, nikakaa kando yake.

"Limeanza lini?"

"Mwaka juzi," akasema.